Uzi wa Bundi

Mwalo wa Kipili,
9 Juni

Kwa mke wangu Bibi Hellena,

Shikamoo. Najua utaitikia marahaba huku umenuna, maana tangu Pasaka sijaandika. Samahani, mumeo nimetingwa na kazi. Huku Kipili jina langu likitajwa tu, dagaa wanarukia mtumbwini wenyewe. Juzi nimevuta wavu peke yangu mpaka wazee wa mwaloni wakaulizana, huyu kijana wa Kifipa kalishwa nini? Nikawajibu: ugali wa ulezi wa Bibi Hellena wa Kanyele, na yeyote anayemtaka yule mama aje kwanza tupigane mieleka.

Barua yako Steven wa Fuso alinikabidhi. Ulivyoandika kwamba panya wametafuna waya wa kuchajia simu nilicheka sana. Kicheko kikakatika nilipofika mwisho. Eti wameanza kuingia kwenye kihenge, na baba mdogo Urbano amesema akija Krismasi akikuta huna mbegu ya kupanda, unafunga mizigo na kuhamia kwake Sumbawanga mjini. Wewe mjini, Bibi? Utalima wapi matuta, kwenye varanda ya baba mdogo?

Usiogope. Mumeo ni mtu wa mipango. Ndani ya soksi aliyobeba Steven kuna chupa. Hiyo ni dawa ya panya, kiboko yao, nimeinunua kwa jamaa anayepita hapa mwaloni. Kizibo kimoja kwenye sahani ya chenga za mahindi, weka chini ya kihenge, kisha kaa pembeni uhesabu marehemu.

Mwambie Paroko aone aibu. Paka mzima mwenye kola nyeupe kama padri, anaachia panya wanakula umeme!

Mumeo asiye na mpinzani,
Cleophas


Kanyele,
20 Juni

Mume wangu Cleophas,

Marahaba. Sikununa. Nilicheka peke yangu mpaka jirani yangu Bertilla akaja kuchungulia kama nina mgeni.

Steven aliposhusha barua yako, niliona Fuso lake ni tupu. Nikamuuliza, mwanangu, dagaa wako wapi? Akasema, "Mama, ziwa limefungwa tangu katikati ya Mei, mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazae." Sasa nakuuliza kwa upole, mume wangu: ule wavu uliouvuta juzi mpaka wazee wakashangaa, ulikuwa umejaa nini? Masista walinifundisha kuandika kwa miaka minne tu, lakini kusoma uongo nilijifunza mwenyewe kwa babu yako.

Huku baridi imekaza. Asubuhi natoka na blanketi kichwani kama Mama Maria wa kwenye kalenda. Ulezi nimeshavuna. Si mwingi, ila mbegu ipo, ileile ya mama yangu, nyekundu nzito. Hiyo ndiyo ninayoilinda. Chakula naweza kuazima kwa Bertilla, lakini mbegu ile hana mtu mwingine.

Chupa yako haina karatasi wala jina, na inanuka vibaya. Nimeiweka juu ya kabati, nasita. Na Paroko usimtukane. Amezeeka, lakini kila asubuhi ananiwekea kichwa cha panya kizingitini, kama mtu anayeleta zaka. Tatizo ni kwamba panya mwaka huu ni wengi kuliko meno yake.

Hata hivyo wewe umesoma kunizidi. Ukisema kizibo kimoja, nitaweka kizibo kimoja.

Mkeo,
Hellena


Kipili,
28 Juni

Mke wangu, shikamoo.

Haya, umenikamata. Steven ana mdomo kama mlango wa baa. Ni kweli ziwa limefungwa. Tangu Mei nakaa mchangani nashona nyavu za watu, vidole vimejaa matundu. Sikutaka ujue. Nilipoondoka niliaga kijiji kizima kwamba nitarudi na boti langu, sasa niandike kwamba nashona?

Joto la huku halina adabu, Bibi. Nikifumba macho naiona Kanyele mwezi Machi, wewe na mimi tunakata majani shambani, unayapanga duara, nyasi tumboni, udongo juu, tuta moja, la pili, mpaka shamba zima linakuwa kama kichwa kilichosukwa. Nilikuwa nakuuliza, kwa nini tunazika nyasi kama maiti? Ukanijibu, "Zinakufa ili zilishe maharage mwaka huu, na mwakani tukilivunja tuta, zilishe ulezi." Nilikuona mshamba. Kumbe ulikuwa unafundisha somo la Mwalimu Adolfu kabla yake.

Unamkumbuka? Darasa la tano alitutoa nje na kamba ya katani aliyofumua kwenye magunia. Kila mtoto akawa kiumbe: huyu nyasi, yule panzi, Masunga yule Msukuma akawa panya kwa sababu ya meno. Mimi nilijichagulia mwewe, unanijua. Ukimla mtu, unafungwa naye uzi. Basi tukawa tumefungamana uwanja mzima kama wavu wa dagaa. Kipande cha bundi kikampata Sharon, akalia mpaka kamasi, "Sitaki kuwa bundi, nyumbani watanipiga!" Hakuna aliyekubali kupokea. Mwalimu akaufunga uzi wa bundi kwenye mlingoti wa bendera, mchezo ukaendelea.

Kisha akaniuliza mimi: "Mwewe, wewe unaliwa na nani?" Nikapiga kifua: "Hakuna, mwalimu!" Akasema, "Funza. Na funza akimaliza, nyasi zinakula." Nilibatizwa Chakula cha Funza muhula mzima.

Kwa hiyo hilo somo la nani anamla nani mimi ndiye mtaalamu, na kidato cha pili nimefika. Weka dawa, Bibi. Usisite.

Cleophas, mwewe wa Kanyele


Kanyele,
17 Julai

Mume wangu,

Niliweka. Siku ya tatu nilifagia panya kwa ufagio kama majani makavu. Bertilla akaja kuomba kizibo kimoja, na jirani wa bondeni kizibo kimoja, na katekista Timoth naye kwa ajili ya stoo ya kanisa la kigango. Chupa imekwisha. Kijiji chote kinakusifu. Jumapili watu walinisalimia kama mama wa askofu.

Na liko jambo jingine. Wale bundi wawili wa kwenye dari ya kigango, waliotutisha miaka yote, wamekutwa wamekufa chini ya kengele. Unajua tunavyosema, bundi akilia juu ya paa lako, tafuta sanda. Basi Bertilla amepika pombe. Watu wanasema mwaka huu hakuna wa kumlilia.

Kihenge kimetulia. Nasikia upepo tu. Ni kimya ambacho sikukizoea.

Kuku wangu wawili pia hawapo, lakini kuku ni kuku.

Najua utauliza habari za Paroko. Amelala.

Mkeo,
Hellena


Kipili,
30 Agosti

Mke wangu mwenye kijiji, shikamoo!

Ziwa limefunguliwa! Sasa hivi nikisema nimevuta wavu, muulize Steven, na yeye ataapa. Samaki wamenenepa kama walikuwa likizo. Wazee waliokuwa wanatukana kufungwa kwa ziwa, leo wanasema lilikuwa wazo lao.

Bundi wamekufa? Safi kabisa. Wakati ule nina miaka saba ukaumwa homa, wakalia juu ya paa usiku mzima, nikatoka na manati nikiwa na chupi tu. Uliponikamata nilikuwa nimepasua kioo cha jirani na bundi wananiangalia kama wanahurumia shabaha yangu. Leo nimewapiga kutoka Kipili bila kuwaona. Mwewe ni mwewe.

Sasa sikiliza. Mfuko mdogo alionao Steven, wenye fundo jekundu, ni dagaa wa Paroko. Wa kwake peke yake, usiwaunge nyanya! Mwambie ni mshahara wa kustaafu. Namkumbuka alivyokuwa analala juu ya daftari langu la sayansi, ndiyo maana nilifeli, kila nikitaka kusoma nilikuta mkia.

Mumeo,
Cleophas


Kanyele,
12 Oktoba

Mpendwa Cleophas,

Dagaa wamefika. Ni wazuri. Mimi mzima. Mvua bado. Panya wawili watatu wamerudi, si kitu.

Wino unaisha.

Hellena


Kipili,
19 Oktoba

Bibi,

Shikamoo. Hukuniita mume wako. Barua yako nimeigeuza nyuma na mbele kutafuta utani, sikuuona, nikajua kuna kitu. Nikamweka Steven kitako nikamwambia, kaka, leo hunywi chai mpaka useme.

Amesema. Paroko alikufa Julai, wiki ileile uliyoniandikia amelala. Alimla panya aliyekula dawa. Na bundi vilevile. Na Steven anasema panya si wawili watatu. Anasema ukikaa kwako mchana wanapita katikati ya miguu kama wanakwenda mnadani, na kihenge kimetobolewa chini.

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye mawe. Wenzangu walidhani naumwa.

Nikuambie ukweli wote. Yule jamaa aliyeniuzia ile chupa sijui alitoka wapi. Nilimuuliza, hii ni nini? Akasema, "Wewe unataka panya wafe au unataka mtihani?" Nami nikaona aibu kuuliza tena, kwa sababu nilikuwa nimeshajisifu mbele ya watu kwamba bibi yangu ananitegemea. Wewe ulisita. Mimi nikakuandikia usisite.

Na somo lenyewe nililijua, Bibi! Nililikumbuka nusu tu, ile ya kuchekesha. Sikukuandikia mwisho wake. Mwalimu alimwambia Masunga, panya, akae chini, amekufa. Akakaa na uzi wake. Akavutwa paka, akavutwa nyoka, nikavutwa mimi mwewe mpaka magotini. Kisha Mwalimu akaenda kwenye mlingoti akaufungua uzi wa bundi, ule ambao hakuna aliyeutaka, akauachia. Akasema, "Masunga, inuka. Umezaa. Sasa nani atakukamata?" Masunga akakimbia uwanja mzima akicheka, na sisi wote tumefungwa nyuzi zimelegea, hatumfikii. Tulidhani ndio mwisho wa mchezo.

Panya anazaa kila mwezi, Bibi. Bundi anazaa mara moja kwa mwaka, na hawa wamekufa wote wawili.

Mbegu ya mama yako imebaki kiasi gani? Usinifiche tena, na mimi sitakuficha.

Lakini nina neno moja, na hili si majigambo. Boti kubwa la mizigo likifungwa hapa, kamba zake zinavishwa sahani ya bati yenye tundu katikati. Panya wa nchi kavu akipanda kamba anafika kwenye bati, anateleza, anarudi. Nimekaa nikaangalia mwenyewe. Kilichobaki kitie kwenye kibuyu, kining'inize darini kwa kamba, katikati ya nyumba mbali na ukuta, na juu ya kibuyu toboa sahani ya bati upitishe kamba. Pana, Bibi, isiwe kisosi.

Mjukuu wako,
Cleophas


Kanyele,
3 Novemba

Mume wangu,

Nakuita hivyo kwa sababu bado ni wewe.

Nilikuficha kwa sababu ulikuwa unafurahi. Tangu ulipoondoka, barua zako zote zilikuwa za mtu anayepiga kelele ili asisikie upweke. Ile ya Agosti ilikuwa na furaha ya kweli. Nikasema, nimwandikie nini huyu mtoto, kwamba paka wake amekufa kwa zawadi yake?

Paroko nilimkuta mlangoni, ameinamisha kichwa pale anapowekaga zaka. Nilimzika kwenye tuta la kwanza, lile karibu na njia, pamoja na nyasi zako za Machi.

Mbegu imebaki kibuyu kimoja. Mwaka jana zilikuwa debe tatu. Nilipopata barua yako nilitafuta bati, nikaona hakuna pana isipokuwa lile sinia la harusi yangu, lenye maua. Bertilla akasema, "Dada, utatoboa sinia la harusi?" Nikamwambia, harusi yenyewe imeshakufa, sinia linangoja nini. Nikatoboa kwa msumari na jiwe. Kibuyu kinaning'inia tangu juzi. Panya mmoja nilimwona kwa macho yangu akishuka kamba, akafika kwenye maua, akateleza, akaanguka kwenye sufuria ya maji. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwa hiyo kuna siku moja umekuwa na akili, nimeiandika tarehe.

Lakini Urbano amepita jana. Ameona kihenge kilivyotobolewa. Hakugomba, na hilo ndilo linaloniogopesha. Alinishika mkono akasema, "Mama, chumba chako kimeshapakwa rangi." Hajaona kibuyu, nilikitundikia kanga.

Hata nikipanda, panya watachimbua mbegu ardhini. Sina paka, na kijiji chote hakina. Kila aliyeomba kizibo alizika wa kwake.

Mkeo,
Hellena


Kipili,
15 Novemba

Mke wangu, shikamoo.

Usipande mpaka nifike. Nakuja na Steven wiki ya kwanza ya Desemba. Naleta paka wawili wa mwaloni, jike na dume, wanene kama maboga. Mwambie baba mdogo ile rangi ya chumba ikauke polepole.

Cleophas


Kanyele,
14 Januari

Mume wangu Cleophas,

Umeondoka wiki tatu tu, na nyumba imekuwa kubwa.

Nakuandikia habari za wale mabwana uliowaleta. Niliwavumilia mbele yako, sasa naweza kusema. Paka wa Kipili ni watu wa ofisini. Wanakaa mbele ya figa wananitazama, wanangoja dagaa. Panya akapita, dume akasogeza mkia asikanyagwe. Nikasema, kweli hawa ni wa Cleophas, sifa nyingi, kazi hakuna. Basi nikafunga mfuko wa dagaa, nikala mbele yao, sikuwapa hata harufu. Siku ya tano jike akashika wa kwanza, kwa hasira. Sasa ana mimba, na anawinda kama anayelipiza kisasi.

Ulezi umeota. Ulivyolala shambani zile siku kumi kwenye kibanda, ukipiga debe na kuimba nyimbo za kipaimara kwa sauti ile mbaya, watu walisema Hellena amepata bundi mwenye miguu miwili. Niliwajibu, heri huyu, analia na bado hakuna aliyekufa.

Urbano alisimama kwenye njia siku ya Krismasi, akaona matuta yamevunjwa na shamba limesawazishwa. Akauliza, mbegu umetoa wapi? Nikamwonyesha sinia lenye tundu. Akalipapasa. Pilau ya ubatizo wake ilipakuliwa kwenye sinia lile. Akasema, "Basi tuone mavuno, Mama." Hajasema hapana, hajasema ndiyo.

Katekista Timoth amekiri kwangu kwamba lile sanduku la mbao, kiota cha bundi, ulilolipigilia kwenye dari ya kigango kwa siri amelikuta. Hakuling'oa. Alisema tu, "Mama, watu wasijue ni la nani." Nikamwambia ni la Roho Mtakatifu.

Mkeo,
Hellena


Kipili,
22 Machi

Mke wangu, shikamoo.

Ninyi huko mnazika nyasi mwezi huu, na mimi nipo kwenye maji. Nimekaa nanusa mikono yangu, ni dagaa tupu, natafuta harufu ya udongo wa tuta siipati. Ukilima, tuta moja lifanye la kwangu. Liwe bovu, nitalitambua.

Masunga nimekutana naye. Siku hizi yuko Mtowisa, analima mpunga na ana ng'ombe wa baba yake, alikuja kununua dagaa. Nikamweleza yote. Akacheka na meno yale yale, akasema, "Chakula cha Funza, wewe ulifikiri mwewe yuko juu ya kamba. Kamba haina juu, fala wewe." Akaniuliza kama Mwalimu Adolfu bado yupo. Nikamwambia amestaafu, ana duka la vocha. Tukakaa hapo kama wazee, tuna miaka ishirini.

Sanduku bado tupu?

Cleophas


Kanyele,
8 Juni

Mume wangu mpendwa,

Nimevuna. Hakijajaa kihenge. Kimefika kiunoni, na mbegu nimeshaitenga, kibuyu kiko chini ya sinia lake. Paka ni sita sasa, na hakuna hata mmoja anayejua dagaa ni nini. Nitawatunzia siri hiyo. Pale lilipokuwa tuta la Paroko ulezi ulisimama kuliko kote shambani, vichwa vinene, vyekundu. Huo sikuusaga. Ni wa kupanda.

Urbano alikuja Jumamosi. Aliingiza mkono kwenye kihenge mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akaupangusa. Akasema kile chumba atampangisha mwalimu.

Jana nilikuwa nimeshalala, baridi kali, nikasikia juu ya paa langu. Mara moja. Kisha mara ya pili, na mwingine akamjibu kutoka kigangoni.

Bertilla alikuja asubuhi mbio, kanga haijafungwa, akaniita dirishani, "Dada Hellena, umesikia? Uko salama? Tumwite katekista?"

Nilimwambia aingie anywe uji. Nikamwambia nilisikia, na nililala vizuri kuliko mwaka mzima.

Mkeo aliye nyumbani kwake,
Hellena